Mwalimu Aliyesema Hajaelewa

Saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Jumatatu, pikapu nyeupe ilisimama mbele ya ghala la chama chetu cha msingi cha wakulima wa pamba. Walishuka wanaume wawili: dereva, na karani mwenye tai na mkoba wa ngozi. Saa ninaijua kwa uhakika kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeoa, nina mtoto mmoja, na nilikuwa nimejua kuandika kwa miezi kumi na minne tu. Siku zile niliandika kila kilichopita mbele yangu: mvua, bei ya chumvi, majina ya wagonjwa, na saa. Daftari hilo ninalo. Habari hii inamhusu mwanamke aliyenifundisha kuandika. Naanza na pikapu kwa sababu kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo alihatarisha, kwa kinywa chake mwenyewe, kitu pekee alichokuwa nacho kijijini, yaani sifa ya kuwa mtu anayejua kusoma.

Tulimwita Mwalimu wa kisomo, au kwa midomo yetu ya Kisukuma, Ng'walimu. Kijiji chetu kiko upande wa Lagangabilili, na wakati huo Lagangabilili haikuwa makao makuu ya kitu chochote. Shughuli zote zilikuwa Bariadi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye koti la kiume la kaki alilolivaa jua na mvua. Mfuko wa kulia ulikuwa na chaki, wa kushoto michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na mara nyingi aliukosea mfuko. Niliwahi kumwona akianza kutafuna chaki, akasimama, akaitazama, akaendelea na somo kana kwamba ndivyo alivyokusudia.

Darasa letu lilikuwa kwenye ghala la pamba, miezi ambayo pamba bado iko mashambani. Ubao ulikuwa mlango wenyewe wa ghala, mlango wa bati zito, ambao tuliusugua kwa mkaa uliotwangwa na majani ya viazi mpaka ukawa mweusi. Mlango ulifunguka kwa nje, kwa hiyo sisi tulikaa uani na kila aliyepita njiani aliona tunachojifunza. Wengine walisimama kutucheka. Yeye aliwapa kazi.

"Wewe unayecheka, hiyo ya tatu ni herufi gani?"

"Mimi napita tu, mayu," akajibu kwa Kisukuma, yaani mama.

"Basi pita ukijua kwamba hujui."

Siku ya kwanza hakuandika herufi hata moja. Alichora alama kumi na mbili za ajabu, kisha akauliza ni za nani. Tulishangaa jinsi zilivyokuwa rahisi. Zilikuwa chapa za ng'ombe. Kila mmoja wetu, hata wanawake ambao hawajawahi kuchunga, alijua hii ni ya ukoo gani, ile ni ya mzee gani wa ng'ambo ya mto, na hii ya tisa ni ya yule aliyehamia Meatu na ng'ombe wake wote.

"Mmesoma," alisema. "Kilichobaki ni kubadilisha ng'ombe."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, kwa juhudi zangu na bila darasa jingine, vikiwemo viwili vilivyoandikwa na wataalamu wa mambo ya kusoma. Sijaona mahali pengine panapoanza vizuri kuliko hapo. Mtu mzima asiyejua kusoma huja na aibu, na aibu ndiyo inayomziba macho. Yeye aliiondoa aibu kwa robo saa.

Baada ya chapa zikaja silabi. Ba, be, bi, bo, bu. Alisema Kiswahili ni kama kutembea juu ya matuta: unakanyaga moja, halafu linalofuata, na ukifika mwisho umefika, hakuna mtego. Na kweli, kwa miezi minne wengi wetu tulikuwa tunasoma. Mama Kabula, jirani yangu, mjane wa miaka sitini hivi aliyekuwa na mdomo mkali kuliko sisi wote, alisoma sentensi yake ya kwanza nzima, akaweka daftari chini kwa hasira.

"Kumbe ni hivi tu? Sasa hawa watoto wanakaa miaka saba shuleni wanatafuta nini?"

Lakini Ng'walimu hakuturuhusu tuamini kwamba kila lugha iko hivyo. Hii ndiyo iliyomtofautisha na walimu wengine wa ngumbaru niliowasikia baadaye. Yeye alikuwa amepita katika maandishi ya namna nyingi, kila moja kwa mlango wake, na alipenda kutueleza mlango ulikuwaje.

Maandishi ya Kihindi, yale ya Kigujarati, aliyajua kwa tumbo. Alikuwa yaya katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Bariadi, na alianza kwa kuelewa maneno ya jikoni, ndipo akaanza kutazama makopo ya viungo. Alisema herufi zile hazina kona; zimepinda kama vishikio vya vikombe, na irabu hazikai kwenye mstari na herufi nyingine bali hupanda mgongoni au kushikilia miguu, kama mtoto na mama yake. Huko hakuhitaji mwalimu. "Nilisoma kopo, nikalifungua, nikanusa," alituambia. "Ikiwa ni bizari, nimepata. Ikiwa ni pilipili, nimekosa na ninapiga chafya."

Herufi za Kiarabu alijifunza kwa kukaa kibarazani pa jirani aliyefundisha watoto chuo cha Kurani, akijifanya anachambua mchele. Aliweza kusoma mstari wenye alama zote, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba wenye dini yao walinyamaza kumsikiliza, ingawa yeye alikuwa Mkristo wa kila Jumapili. Ukiziondoa zile alama ndogo za juu na chini, alikwama. Alieleza kwamba mwandiko ule humwachia msomaji nafasi, na nafasi hizo huzijaza yule anayeijua lugha tayari. "Mimi sikuijua. Nilikuwa nabeba mtungi wa watu, sijui ndani kuna nini."

Kilichotushangaza zaidi kilikuwa Kisukuma chetu. Alileta kitabu cha nyimbo za kanisa, akatupa tusome, na sisi tulioongea lugha hiyo tangu titi la mama tulijikwaa kuliko tulivyojikwaa katika Kiswahili. Maneno yalikuwa marefu, na kupanda na kushuka kwa sauti, ambako katika Kisukuma ni nusu ya maana, hakukuwa kumeandikwa. Ilibidi usome mpaka mwisho, uelewe, ndipo urudi mwanzo useme vizuri. Mzee mmoja alikasirika, akasema kitabu kimekosewa. Ng'walimu akamwambia kitabu hakijakosewa, ila kimeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye ameshakijua.

Basi huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wetu, na mtu anaweza kudhani alikuwa mnyenyekevu. Hakuwa. Alipenda kusikilizwa. Alitukataza tusitikise midomo tunaposoma, lakini yeye hakuwahi kusoma kitu chochote kimyakimya, hata kibandiko cha sabuni. Watu walimletea barua, karatasi za hospitali, pakiti za mbegu, naye aliweka ugoro kidogo puani, akasubiri mpaka wasikilizaji wafike watano au sita, ndipo akaanza. Mtu akimwambia, "Nimeshasomewa na mwingine," alinuna siku nzima. Kanisani alisoma masomo yote mawili na kumnyima zamu katekista.

Alisoma hata Kiingereza. Dawa ya kupulizia pamba ilikuja na kopo lililojaa maandishi hayo, naye aliyasoma yote kwa sauti, kila herufi akiipa haki yake kama katika Kiswahili, bila kuruka hata moja. Sisi tuliona ni ajabu kubwa. Siku moja nikamuuliza maana yake.

"Maana yake," alisema, "ni kwamba usiinywe."

Tulicheka, na hakuna aliyeuliza tena.

Sasa narudi Jumatatu ile. Ulikuwa msimu ambao soko la pamba lilikuwa limefunguliwa. Miaka yote tulikuwa tumeuza kupitia chama, na malipo yalikuja yalipokuja, wakati mwingine msimu unaofuata. Sasa tuliambiwa mnunuzi yeyote anaweza kuja, na kampuni hii ilikuwa ya kwanza kufika kwetu. Sitaitaja jina, haipo tena. Karani alisimama juu ya ngazi ya ghala akatueleza kwa Kiswahili kizuri cha mjini. Kampuni italipa shilingi mia moja na ishirini kwa kilo, taslimu. Itatumia ghala letu kwa msimu mmoja. Wanachama wasaini tu mkataba, kurasa nne, wa Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi yao.

Mwenyekiti wa chama, mtu mkubwa mwenye baiskeli mpya, alisimama kwa furaha. "Sisi hapa siyo wajinga, karani. Sisi tuna msomaji wetu. Ng'walimu, njoo utusomee."

Akaja. Aliweka ugoro, akaikunjua ile karatasi, akasoma kurasa zote nne. Ilichukua dakika ishirini na mbili. Hakujikwaa. Watu zaidi ya mia mbili walikaa kimya, na alipomaliza wanawake walipiga vigelegele. Nilimtazama karani. Wakati wa kusoma alikuwa ameuma mdomo wa chini akiangalia viatu vyake, kama mtu anayezuia kicheko. Aliposikia vigelegele aliinua kichwa.

"Safi kabisa, mama. Umesoma vizuri sana."

Ndipo likatokea jambo ambalo nadhani lingetokea kwetu tu, na mwaka ule tu. Karani alitoa kibati cha wino wa dole gumba, na watu wa kisomo wakakikataa. Tulikuwa arobaini na mmoja, na kila mmoja alikuwa amefanya mazoezi ya kuandika jina lake kwa zaidi ya mwaka mzima bila kupata karatasi moja ya maana ya kuliandika. Hii ndiyo ilikuwa karatasi yenyewe. Tulipanga mstari, tukisukumana. Mama Kabula alikuwa wa kwanza.

"Ondoa huo wino wako, bhabha. Mimi naandika."

"Haya, bibi, andika."

"Usinisimamie hivyo, unanikata upepo."

Aliandika. Wa pili akaandika. Wa tatu akaandika. Mimi nilikuwa wa nne, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Ng'walimu alikuwa amesimama kando, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena kwa mwalimu yeyote: wanafunzi wake walikuwa wanasaini. Kisha uso huo ukabadilika. Alikuja, akaishika kalamu ikiwa bado mkononi mwangu.

"Masunga, subiri. Subirini wote."

Mwenyekiti akauliza kuna nini.

"Nimeisoma karatasi hii," alisema, "lakini sijaielewa."

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Katika akili zetu lilikuwa jambo lisilowezekana, kama mtu kusema amekula lakini hajameza. Kiswahili kilikuwa kimetufundisha hivyo: ukitoa sauti, maana inakuja yenyewe, kwa sababu lugha unaijua. Mwenyekiti ndiye aliyeelewa kwanza, na akaona aibu mbele ya wageni.

"Mayu, muda wote huu unatufundisha kusoma, kumbe hujui kusoma?"

"Sauti nimewapa. Maana sina. Kiingereza sikijui."

"Na yale makopo ya dawa?"

"Sikuyajua."

Watu waliguna. Kuna mwanamume alicheka kwa sauti kubwa, akasema basi hata kanisani labda anatudanganya. Ng'walimu alimgeukia karani akamwomba aache karatasi mpaka Alhamisi. Karani akakataa, karatasi haiachwi, na kama hatutaki, kijiji cha jirani kinataka. Akamwomba basi tuinakili. Karani akatazama saa yake, akatutazama sisi na miguu yetu isiyo na viatu, akacheka.

"Kurasa nne za Kiingereza? Nakilini. Saa kumi naondoka."

Alipata hapo kitu ambacho hakukitarajia. Sisi hatukujua neno moja la Kiingereza, lakini herufi zote tulikuwa tunazijua. Ng'walimu alisimama mlangoni na chaki, akaandika mstari mmoja mmoja, na kila mwanafunzi akapewa wake, anakili kwenye daftari, arudi kulinganisha herufi kwa herufi, mstari ufutwe, uje mwingine. Hakuna aliyeweza kukisia neno na kulikosea, kwa sababu hakuna aliyejua neno. Tulinakili kama mtu anavyochora chapa. Ilipofika saa tisa na nusu tulikuwa tumemaliza. Karani alilinganisha ukurasa mmoja kwa mzaha, kisha wa pili bila mzaha. Hakupata kosa. Alifunga mkoba akasema atarudi Alhamisi.

Siku mbili zilizofuata tulikaa uani pa ghala kuanzia asubuhi. Ng'walimu aliazima kamusi parokiani, ya zamani, isiyo na jalada, na kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa. Hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza kilivyo. Huwezi kukikanyaga tuta moja moja. Herufi zinasema hivi, neno linatamkwa vile, na wala kutamka hakukusaidii; unalitazama neno zima, umbo lake, unalitafuta katika kundi kama unavyotafuta ng'ombe aliyepotea katika zizi la mtu mwingine. "Nyie wachungaji mtaniacha nyuma," alituambia, na kweli sisi tulitafuta haraka kuliko yeye, kwa sababu sauti haikutupotezea wakati.

Tulikosea sana. Neno moja lililojirudia kila mahali kamusi ilisema ni karamu. Siku nzima tuliamini kuwa karamu ya kwanza itamlipa karamu ya pili, na kwamba karamu zote mbili zimekubaliana.

"Mimi naipenda hii karatasi," alisema Mama Kabula. "Ina chakula."

Jioni, Ng'walimu akagundua kwamba neno hilo lina maana nyingine, upande wa mkataba: karamu ya kwanza lazima iwe kampuni na ya pili ni sisi. Alijipiga paja. Hakuona haya kucheka kosa lake mbele yetu, jambo ambalo juma lililopita asingelifanya.

Jumatano saa tano tulipata sehemu ya ghala. Kulikuwa na namba, lakini imeandikwa kwa maneno. Ishirini na moja. Neno lililofuata halikuwemo katika kamusi. Lilikuwa katika zile kurasa za mchwa. Ishirini na moja nini? Siku? Wiki? Karani alikuwa amesema msimu mmoja. Tulibishana mpaka mate yakakauka. Ni Mama Kabula aliyesimama, akaenda nyumbani kwake bila kuaga, akarudi na kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita. Juu yake kulikuwa na salamu ya mwaka mpya kwa lugha mbili.

"Hii na hii," alisema, akiweka kidole kwenye kalenda na kingine kwenye daftari, "ni chapa moja. Ila hii yenu imeongezwa mkia."

Miaka ishirini na moja. Ghala lilikuwa linaondoka kwa miaka ishirini na moja, na pamba yetu yote nalo, kwa sababu mstari uliofuata ulisema mwanachama hatauza kwingine. Bei haikuwa mia na ishirini. Tulilipata neno bei, tukapata neno kampuni, tukapata kupanga, na baada ya, na kuchambua. Kampuni itapanga bei yenyewe baada ya pamba kuchambuliwa, yaani baada ya sisi kuwa hatuna pamba.

Alhamisi karani alikuja saa nne. Ng'walimu alisimama na daftari, na kwa mara ya kwanza hakusoma kwa sauti maandishi yenyewe. Alisema maana tu, kwa Kiswahili, akaongeza kwa Kisukuma ili wazee wasipate shida. Kisha akauliza:

"Karani, msimu wa kwenu una miaka mingapi?"

"Mama, huo ni utaratibu wa kawaida wa ofisi."

"Nimeuliza miaka."

"Hayo maneno hayafuatwi sana."

"Basi yafute."

Hakuyafuta. Mama Kabula na wenzake wawili walidai majina yao, wakayakata kwa kalamu wao wenyewe, kwa mistari mingi kuliko ilivyohitajika. Pikapu iliondoka saa tano na dakika kumi kuelekea kijiji cha jirani, ambako walisaini siku hiyohiyo. Mwenyekiti hakumwomba msamaha Ng'walimu, lakini Jumatatu iliyofuata mke wake alikuja darasani na daftari jipya.

Nisifiche kwamba alilipia. Habari ilisambaa bila ule mwisho wake. Gulioni Lagangabilili watu waliokuwa hawamjui walimwita mwalimu asiyejua kusoma, na jina hilo lilimfuata miaka mingi. Pamba yetu ilikaa majumbani wiki tatu zaidi tukisubiri mnunuzi mwingine, na katika wiki hizo kila mwenye shida ya fedha alimlaumu yeye. Hata mimi mke wangu aliniambia, "Huyo mwalimu wako ametuloga kwa kamusi." Kanisani aliacha kusoma kwa miaka miwili, kwa uamuzi wake. Aliniambia amekuwa akisoma barua za mitume vizuri mno na hajui zinasema nini, na sasa anazisoma nyumbani polepole.

Kufundisha hakuacha. Alibadilika. Mtu alipomaliza kusoma, hata kama amesoma kama maji, alimwambia afunge daftari aeleze. Wengi walikimbia darasa kwa sababu hiyo, kwa maana walikuwa wamezoea kupigiwa makofi. Waliobaki, na mimi nimo, wameendesha chama, wamekuwa wahasibu wa vikundi, na watatu wamekuwa walimu. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya hamsini, alianza Kiingereza kutoka sifuri, akabandika ukutani kwake maneno kumi kila juma. Sijawahi kumjua mtu mwingine mzima aliyeambiwa hadharani kwamba hajui kitu, akakubali, akaenda kukijua.

Mara ya mwisho nilimkuta Nyashimo, alikohamia kwa binti yake. Wachina walikuwa wanajenga barabara ya kwenda Bariadi wakati huo, na binti alikuwa na genge la nyanya ambako mafundi wao walinunua. Ng'walimu alikuwa ameketi nje, bila koti, amezeeka sana mwili, na kwenye mapaja yake kulikuwa na kipande cha boksi chenye alama zao.

"Mwadila, Ng'walimu."

"Mwadila, ng'wanone," aliitikia, yaani mwanangu. "Keti. Nina kumi na moja."

Alinionyesha. Hii ni mtu, hii ni mti, miti miwili ni msitu mdogo. Kijana mmoja wa Kichina alimwandikia moja kila alipokuja kununua nyanya. "Hawa hawana matuta kabisa," alisema. "Kila neno lina uso wake, na unaweza kujua maana hata sauti yake usiijue. Yaani ni kinyume changu cha zamani." Alicheka bila sauti. Akanieleza kwamba mtoto wao hukaa miaka mingi akijifunza nyuso hizo, na kwamba ukiwa na haraka, hiyo siyo lugha yako.

Nilikuwa nimemwendea kwa shughuli. Kwa miaka mingi nilikuwa nikikusanya stakabadhi za msimu ule kutoka kwa wanachama, kwa sababu lile jina la gulioni lilikuwa linanisumbua zaidi kuliko lilivyomsumbua yeye. Nilimweleza: kijiji cha jirani, kilichosaini, kililipwa shilingi themanini na tano kwa kilo, na kililipwa karibu na Krismasi. Sisi tulipata mia na ishirini taslimu, kutoka kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake na fedha yake. Ghala bado ni letu. Hilo sikulipigia hesabu.

Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Lakini tulichelewa wiki tatu. Pamba ilikauka. Uzito ulipungua."

"Nimetumia uzito wa siku ya kuuza, siyo wa siku ya kuvuna."

"Na wale watatu ambao stakabadhi zao ziliungua?"

"Nimewaacha nje. Sina ushahidi."

"Vizuri." Alipangusa ugoro kwenye kidole. "Masunga, nikuambie kweli. Mimi nilifikiri labda tuliokoa laki mbili. Tatu, ukizidisha. Nikasema moyoni, kwa laki tatu nimekubali kuitwa vile, sawa."

Nikamwambia kilo zilikuwa laki moja, elfu arobaini na nane na mia sita, na tofauti ni shilingi thelathini na tano kwa kila kilo. Alifumbua macho. Alinyoosha mkono, akachukua daftari langu, akalisogeza mbali kidogo kama wazee wanavyofanya, na akaisoma jumla mwenyewe, kwa sauti, ili binti yake na wateja wote wa nyanya wasikie: shilingi milioni tano, laki mbili na elfu moja.